Nilivyoisimamia Bendera ya Chingola

Kisa hiki nilikwisha kukizika, na kama si ninyi kunichokoza kila tunapokutana, mkiniuliza kwa nini mimi, mtu wa Kolwezi mwenye gari lake, sivuki mpaka hata kwa harusi ya ndugu, ningekiacha kilale huko kilikolala. Basi chekeni, mimi mwenyewe nimejicheka vya kutosha mpaka aibu yenyewe imechakaa, na kilichobaki ni kitu kingine ambacho sina jina lake, kinachonijia jioni nikiona taa za mgodi zinawaka upande wa Musonoi, nikamkumbuka mwanamke aliyesimama barazani na kitenge cha manjano, akiningoja, hatua mia moja tu kutoka nilipokuwa.

Aliitwa Ngalula. Baba yake alitoka Kasai zamani kuja kufanya kazi ya mgodi, naye akazaliwa hapa hapa Kolwezi, na mimi nilimjua kwa sababu ya viatu. Nilikuwa karani wa dipo la mgodi, kazi yangu kugawa buti na kofia ngumu, na yeye ndiye aliyekuja kubadilisha buti za baba yake kila zilipotoboka, na sijui mzee yule alizikanyagia nini mwaka ule, maana zilitoboka mara nyingi mno (baadaye Ngalula aliniambia kwamba jozi ya mwisho aliitoboa mwenyewe kwa msumari). Mimi mguu wangu wa kushoto ulikauka nikiwa na miaka minne, baada ya homa ya siku tatu, nikafungwa vyuma, nikapewa fimbo, na tangu hapo watu wakitembea nami hupunguza mwendo, na unawaona wanavyopunguza, kama mtu aliyebeba ndoo asiyotaka imwagike. Ngalula hakupunguza. Alitembea mwendo wake, akisimama huku kutazama maua ya watu, akisimama kule kumsalimia mama muuza mihogo, na mwisho wa njia tunafika pamoja, wala sikuwahi kujua kama ilikuwa hila au ndivyo alivyozaliwa.

Kisha dada yake, aliyeolewa na mwenye duka kule Chingola, upande wa Zambia, akajifungua mapacha, na Ngalula akaenda kumsaidia kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ikawa miaka miwili. Tuliandikiana. Barua zangu alizibeba Tata Ramazani, mtu wa Kindu mwenye lori linalokwenda mpaka Kasumbalesa, na zilikuwa nene hata siku moja akaniuliza kama natuma magazeti. Za Ngalula zilikuwa fupi, karatasi moja, lakini kila moja niliisoma mpaka ikaachana kwenye mikunjo.

Iliyoniponza ilikuwa fupi kuliko zote zilizoitangulia. Alisema kuna mtu wa kule, mwenye shamba, amekuja kwa shemeji yake kuuliza habari zake mara mbili. "Nimewaambia kuna wewe," aliandika, "lakini shemeji anasema barua haikai mezani ikala na watu. Anataka kukuona. Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kabla jua halijazama, kwa sababu Jumapili yule mwingine anakuja kuchukua jibu."

Nikamjibu kwamba nitakuja. Na nikamwomba jambo moja: asimwambie shemeji habari za mguu wangu, nitajieleza mwenyewe. Halafu, nikiwa nimelala chali natazama mabati ya chumba changu, nikakata shauri dogo sana, dogo kama punje ya mtama, kwamba sitafika Chingola kwa basi. Nitafika naendesha gari. Kwa sababu ndani ya gari mimi ni mtu mrefu, ndugu zangu. Ndani ya gari mabega yangu ni mabega, shingo yangu ni shingo, na hakuna anayejua kilichopo chini ya usukani.

Hapa lazima niwaeleze jinsi nilivyokuwa naendesha. Nilikuwa na gari dogo kuukuu la rangi ya krimu, nililoachiwa na mjomba, na kwa kuwa mguu wa kushoto hauwezi kukanyaga ambreyaje, yaani klachi, fundi mmoja wa kuchomelea alinitengenezea mkono wa chuma, mrefu kama wa koleo, ncha yake moja inafungwa kwenye pedali na nyingine naisukuma kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukabaki na gia na usukani. Na kwenye kioo cha mbele nilibandika karatasi ya zone, ofisi ya serikali ya mtaa wetu, yenye sitampu ya zambarau, iliyosema kwamba mwenye gari hili ni kilema, aruhusiwe kusimamisha gari karibu na mlango wa ofisi na wa soko, apite hata pale magari mengine yanapokatazwa, na asilazimishwe kushuka wakati wa bendera.

(Wadogo zenu labda hawaijui habari ya bendera. Miaka ile ya Zaire, asubuhi ikipandishwa na saa kumi na mbili jioni ikishushwa, filimbi inalia na kila kitu kinasimama pale kilipo, mwenye baiskeli anashuka, mwenye mzigo kichwani anaganda, na mwenye gari anazima moto, anatoka, anasimama wima mpaka kitambaa kikunjwe. Kabla sijapata ile karatasi, askari jandarme mmoja alinishusha siku ya mvua, nikasimama kwa mguu mmoja nimeshika mlango, kabla bendera haijafika chini nikaanguka kwenye matope, naye akaandika kwamba nimelala mbele ya bendera ya taifa. Nililala kweli, lakini rumande. Tangu siku hiyo mwili wangu haungoji akili: kitambaa kikianza kuteremka mlingotini, gari linazimwa na mkono unapanda kifuani.)

Basi Ijumaa nikapanda lori la Tata Ramazani, nimevaa shati jeupe chini ya koti, karatasi ya zone mfukoni, mkono wa chuma umeviringishwa katika gazeti. Tulipopita Fungurume akaugusa kwa kidole.

"Na hii chuma ni ya nini? Unaenda kuoa ao unaenda kuchimba?"

"Ni ya gari. Nitakodi gari kule ng'ambo."

"Basi iko pale pale mupakani, inakushusha mbele ya duka ya shemeji yako. Gari ya nini tena?"

"Kwa basi bataniona ninashuka na fimbo."

Akabadilisha gia. "Na kwa gari hautashuka? Utaolea mule mule ndani?"

Nikatazama vichuguu vya barabarani, kwa sababu swali lilikuwa zuri na mimi sikuwa na nafasi ya swali zuri.

Jumamosi mchana nilikuwa katika mji wa kwanza baada ya mpaka, mbele ya gereji ya kukodisha magari, na mwenye gereji, mzee mpole wa Kibemba (lugha yake tunaisikia kidogo sisi watu wa mkoa wa Shaba), akaniita mukwai, yaani bwana, akanipa ufunguo na maneno matatu.

"Mukwai, huku tunashika kushoto, usisahau. Pili, barabara ya maduka pale Chingola inafungwa Jumamosi kutoka mchana, gari haliingii bila ruhusa ya polisi. Tatu, hiyo karatasi uliyoshika ni ya kwenu, huku haisemi kitu." Kisha akautazama mguu wangu kwa adabu. "Utaweza?"

"Naendesha kila siku," nikasema, na hilo halikuwa uongo, ila sikutaja chuma kilichomo ndani ya gazeti. Maneno yake matatu niliyapokea kwa kutikisa kichwa mara tatu, na hakuna hata moja lililoingia, kwa sababu nilikuwa namwona Ngalula akitoka barazani. Sitampu ni sitampu, nikajiambia. Nani asiyejua kusoma sitampu?

Nyuma ya kona ya kwanza (tulifika hapo gari na mimi kwa kurukaruka kama chura) nikasimama, nikaufunga mkono wa chuma kwenye pedali kwa utepe wa mpira, nikabandika karatasi yangu kwenye kioo, kisha nikafanya lile lililonimaliza. Nilichukua fimbo yangu nikaiweka ndani ya buti la gari, nikalifunga, nikarudi kwenye usukani nikijishikilia ubavuni mwa gari. Mpango wangu ulikuwa huu, sikilizeni ujinga wa mtu mwenye mapenzi: nitafika, nitapiga honi kidogo, shemeji atakuja dirishani, tutashikana mikono nikiwa nimekaa, ataniona uso na mabega, tutaongea kama wanaume wawili wenye haraka, na huku nyuma Ngalula atalifungua buti kimyakimya anipe fimbo wakati moyo wa shemeji umekwisha kunipenda.

Lakini gari la kule usukani uko kulia. Gia ikawa ya mkono wa kushoto, na ambreyaje, ambayo nyumbani ilikuwa ya mkono huo huo, ikabaki bila mkono. Ikabidi niusukume ule mkono wa chuma kwa mkono wa kulia, ukipita juu ya magoti yangu kama mkia wa mnyama, na usukani niushike kwa tumbo. Baada ya kuponea mti mmoja na mama mmoja mwenye kuni, nikaamua kukaa na gia ya pili mpaka mwisho wa safari. Gari lililia njia nzima. Mimi niliimba.

Nilifika Chingola jua limelala chini ya paa za nyumba, na mwanga ule wa mwisho ulikuwa mwekundu kama vumbi la kwetu, nikahisi kwamba mpaka ni maneno ya watu tu, ardhi ni ile ile, shaba ni ile ile chini yetu, na moyo wangu umepita juu yake bila kuonyesha hati. Njia panda ya maduka ilikuwa imefungwa kweli, mti mrefu umelazwa juu ya mapipa mawili, na polisi mwenye glavu nyeupe amesimama kando. Aliponiona aliinama kutazama kioo changu, akatabasamu, akauondoa mti. Mnaona? nikasema moyoni. Sitampu imesomeka.

Na hapo nikamwona. Mwisho wa barabara, kwenye baraza la duka lenye milango ya kijani, watu watatu wamesimama wamevaa vizuri, mwanamume mnene, mwanamke mwenye mapacha, mmoja kiunoni na mmoja mgongoni, na Ngalula. Kitenge cha manjano. Mkono juu ya nyusi, akitazama mbali. Miaka miwili nilikuwa nimemwona katika karatasi tu, na sasa alikuwa na kivuli, kivuli kirefu kilichoshuka ngazi za baraza na kuja upande wangu.

Upande wa kushoto, mbele ya kituo cha polisi, askari mmoja alikuwa anashusha bendera.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri hata kidogo. Mkono ulizima moto, ukaacha chuma, ukapanda kifuani, shingo ikanyooka, na nikawa jiwe, katikati kabisa ya njia panda, pua ya gari ndani ya barabara iliyofunguliwa kwa ajili yangu na mkia wake nje. Yule wa glavu nyeupe akapiga filimbi. Nyumbani filimbi maana yake usitikisike, basi nikakaza zaidi. Akapiga tena, ndefu, nami nikainua kidevu. Nyuma yangu basi likaanza kupiga honi, na lori la makabichi, na mtu mwenye mkokoteni akanitukana kwa lugha mbili, na mimi nikawaonea huruma, watu wasioheshimu bendera yao wenyewe. Kila filimbi ilinifanya niwe wima zaidi. Na kule barazani Ngalula alishusha mkono kutoka kwenye nyusi zake, akateremka ngazi moja, akasimama. Hatua mia moja. Nilimtazama kwa macho tu, kichwa hakigeuki, machozi yananijaa kwa sababu ya jua na kwa sababu ya vyote, na sijawahi kumtamani mtu kama nilivyomtamani yeye katika dakika ile niliyokuwa nalinda kitambaa cha nchi ya watu.

Askari akaikunja bendera, akaiweka kwapani, akaingia ndani bila kututazama.

Ndipo nikapata haraka. Nikawasha moto, nimesahau kwamba gia ya pili imeingia na chuma kimeshauacha utepe wake. Gari likaruka. Likakumba pipa la kwanza, pipa likabingirika kwa kelele ya mashine ya mgodi, watu wakatawanyika, na gurudumu la mbele likatumbukia ndani ya mfereji. Kisha glavu nyeupe ikagonga kioo.

"Toka ndani ya gari, mukwai."

"Siwezi."

"Umekunywa?"

"Hapana, baba."

"Basi toka."

Fimbo ilikuwa ndani ya buti. Nilifungua mlango, nikashika juu yake, nikateremsha mguu mzima, nikateremsha na ule mwingine, na vyuma vyake havikuwa vimefungwa gotini, kwa hiyo nilikwenda chini polepole, kwa heshima, kama ile bendera, mpaka nikakaa barabarani na shati langu jeupe. Watu mia wanaangalia. Polisi akautazama mguu, akaitazama karatasi kwenye kioo, uso wake ukabadilika.

"Si wewe ndiye mgeni wa mwenye duka?" akauliza. "Mbona nimekupigia filimbi upite, nawe hukusogea? Alikuja asubuhi kukuombea ruhusa, akaniambia mgeni wake hawezi kutembea mbali, nimfungulie njia mpaka mlangoni. Nimekungoja tangu saa tisa."

Sijui kama mnaelewa jinsi neno zuri linavyoweza kumchoma mtu. Sikupata muda wa kulifikiri, kwa sababu yeye na dereva wa makabichi waliniinua, mmoja mabegani na mmoja mapajani, wakanibeba zile hatua mia moja kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, na umati nyuma, mpaka barazani. Na barazani palikuwa na kiti kimoja kilichopandishwa juu ya matofali manne, na ubao mpya umewekwa juu ya ngazi ili mtu apande bila kuinua mguu. Wakaniweka pale.

Shemeji, Tata Mbuyi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, tata. Kiti tuliinyanyua, Ngalula alisema ya chini inakusumbua." Akaketi karibu nami, akapunguza sauti. "Sasa ulisimama pale kwa nini? Gari ilikufa?"

"Bendera," nikasema.

Akanitazama. Alikuwa mtoto wa Zaire kama mimi, hakuhitaji neno la pili. Tumbo lake likaanza kutikisika, akafuta macho kwa kitambaa, akasema, "Hata mi, tata, mwaka wa kwanza nilishuka kwa baiskeli, nikasimama mbele ya posta yao, banafikiri nimepoteza kitu." Wakacheka wote, mkewe, polisi, dereva wa makabichi, na mimi nikacheka, na kwa kitambo kidogo nilidhani nimeokoka, kwa sababu yule mtu alikwisha kunipenda, nilikuwa naona.

Ngalula hakucheka. Alikwenda mwenyewe mpaka garini, akatafuta chini ya viti, akafungua buti, akarudi na fimbo, akailaza juu ya magoti yangu.

"Tangu siku ya kwanza niliwaambia," alisema, taratibu, kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi. "Nilibaambia anatembea na fimbo, na anatembea muzuri. Miaka mbili mi nasema vile na kichwa juu. Halafu we unaniandikia nifiche."

"Niliogopa batakukatalia."

"Ni mi nilikuwa na haya? Mi?" Hakupandisha sauti. "Mutu mwenye kuficha muguu yake leo, kesho atanificha mi mbele ya bantu. Unielewe, Kalenga. Sina hasira. Nimechoka tu, pale pale uliposimama nimechoka."

Tulikula pamoja. Tata Mbuyi alinisemea, mkewe alinisemea, hata wale mapacha walinipanda magotini. Gari lilitolewa mferejini na watu kumi, mtu mwingine akalirudisha gereji. Jumapili asubuhi Ngalula alinisindikiza kwenye basi, tukakaa kwenye benchi tukaongea habari za Kolwezi, nani amezaa, nani amehamia Nzilo kufanya kazi kwenye bwawa, nikangoja aseme neno moja na yeye, nadhani, alingoja mimi niliseme, na basi likaja likiwa tupu, hata sababu ya kuchelewa kupanda haikupatikana. Sikumwuliza jibu gani atampa mwenye shamba. Barua tatu zilikuja baada ya hapo, kila moja fupi kuliko iliyotangulia, na mvua za mwaka uliofuata Tata Ramazani akanikuta dipo, akavua kofia kama mtu aliyekuja kwenye msiba, akaniambia Ngalula ameolewa, na kwamba ameniulizia hali.

Basi ndiyo hayo. Mkinialika ng'ambo ya mpaka nitasema nina kazi nyingi, nanyi mtajua kwamba ni uongo. Lakini nimeweka nadhiri moja na hii sifichi. Siku nikimpenda mtu tena, na ndugu zake wakasema wanataka kuniona, sitakodi kitu chochote chenye magurudumu. Nitakwenda kwa miguu, mchana, katikati ya barabara, polepole kama nilivyo, ili huyo anayeningoja apate muda mrefu wa kunitazama nikija.